Megapikseli 108 za simu ya mpwa na 12 za kamera yangu: nini hasa kinachoifanya picha iwe bora?

Mpigapicha wa Chikongola

Ndugu wasomaji, habari za jioni kutoka Mtwara mjini. Nimekuwa nikipiga picha za harusi, mahafali na paspoti kwa miaka mingi, na swali ambalo siku hizi ninaulizwa kabla hata ya kuulizwa bei ni hili: "Kamera yako ina megapikseli ngapi?" Pikseli ni zile nukta ndogo zinazounda picha, na megapikseli moja ni pikseli milioni moja. Naomba niweke mezani kisa kimoja pamoja na hesabu zake, kisha wenye ujuzi zaidi wanikosoe.

Mwezi Novemba, msimu ambao fedha za korosho zimeanza kuingia na harusi zinapangwa mpaka siku za katikati ya wiki, niliitwa Newala. Kama mnavyojua, kwa Wamakonde neno la mjomba wa bibi harusi si la kupuuzwa, na mjomba huyo aliniuliza swali hilo mbele ya wazee wenzake wanne. Nikamjibu ukweli kwamba ni kumi na mbili, kwa sababu kamera yangu ni Nikon D700, toleo la mwaka 2008, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika. Mjomba akatabasamu kwa upole wa mtu anayekusikitikia, akasema mpwa wake ana simu ya megapikseli 108, yaani mara tisa ya zangu, hivyo kijana atapiga picha za ukumbini usiku na mimi nibaki na zile za mchana. Malipo yangu yakapunguzwa nusu papo hapo.

Sikubishana. Nilibaki ukumbini hadi usiku, kwanza kwa ajili ya pilau, pili kwa sababu kamera ilikuwa bado shingoni na mkono haukutulia, kwa hiyo nilipiga picha chache ambazo hakuna aliyenituma kupiga. Wiki iliyofuata kijana aliniletea memori kadi yake ili nimsafishie picha, maana mashine ya kusafishia ninayo mimi. Nilipofungua taarifa za faili la kwanza kwenye kompyuta, nilikuta vipimo vyake ni pikseli 4000 kwa 3000. Nikafungua la pili, la kumi, la mwisho. Yote 4000 kwa 3000. Zidisha mwenyewe: ni pikseli milioni 12 kamili. Picha zangu zina pikseli 4256 kwa 2832, yaani milioni 12 na elfu hamsini na mbili na kidogo. Kwa hiyo simu ya 108 ilikuwa imeleta nyumbani pikseli pungufu kuliko kamera ya 12, ingawa tofauti yenyewe ni ndogo kiasi cha kuchekesha.

Tuanze na haki ya simu. Picha za mchana nilizisafisha kwa saizi ya kadi, inchi 6 kwa 4, nikazichanganya na zangu mezani, na baadhi yake nililazimika kugeuza nyuma ili nijue ipi ni ya nani. Za usiku ndizo zilizoachana. Bibi wa bwana harusi alikuwa amejifunga kanga. Katika picha yangu jina la kanga linasomeka hadi herufi ya mwisho, lakini katika picha ya simu herufi zimeyeyuka na kuwa michirizi, na suti nyeusi ya bwana harusi imejaa chenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Idadi ya pikseli ilikuwa karibu sawa, ukumbi ule ule na taa zile zile.

Ninachodai ni kwamba megapikseli hupima picha inaweza kukuzwa kiasi gani, na hazipimi ubora wake. Ukisafisha kwa nukta 300 kwa kila inchi, ambacho ni kipimo cha kawaida cha picha ya kushikwa mkononi, kadi ya inchi 6 kwa 4 huhitaji pikseli 1800 kwa 1200, yaani megapikseli mbili na kidogo. Paspoti ya milimita 35 kwa 45 haifiki hata robo ya megapikseli moja. Karatasi ya A4 nzima huhitaji karibu 8.7. Televisheni ya Full HD huonyesha takriban mbili tu, hata ukiipa picha ya megapikseli elfu. Sasa niambieni, 108 anazipeleka wapi?

Kijana wa Stendi

Kaka, nimekuelewa, lakini hapo kwenye 4000 kwa 3000 nimeachwa njiani. Je, mwenye simu alidanganywa dukani? Na kama simu inatoa 12, kwa nini watengenezaji wajisumbue kuweka 108?

Fundi Simu, Masasi

Ninajibu kwa kuwa simu za namna hiyo hupita mezani kwangu kila wiki. Hakudanganywa. Kihisi cha mwanga katika simu hiyo kina pikseli milioni 108 kweli, lakini simu ikiachwa katika hali ya kawaida hukusanya kila pikseli tisa jirani, tatu kwa tatu, na kuzihesabu kama pikseli moja kubwa. Ukigawa 108 kwa tisa unapata 12. Zile zenye 48 hukusanya nne nne na kutoa 12, na zile zenye 200 hukusanya kumi na sita na kutoa 12 na nusu. Samsung walianza kuweka kihisi cha 108 katika Galaxy S20 Ultra mwaka 2020 na cha 200 katika S23 Ultra mwaka 2023, na zote mbili, ukizitumia bila kugusa mpangilio, hutoa picha za takriban 12.

Kuna jambo jingine ambalo tangazo la dukani halilitaji. Pikseli yenyewe haioni rangi. Hupokea mwanga tu, kwa hiyo juu yake huwekwa kichujio cha rangi moja. Mpangilio unaotumika hadi leo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepewa hataza mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili hupewa kichujio cha kijani, moja nyekundu na moja bluu, na rangi zinazokosekana katika kila pikseli hukadiriwa kutokana na jirani zake. Katika vihisi vya 108 vya namna hiyo, pikseli tisa zilizopangwa pamoja huwa chini ya kichujio cha rangi moja. Maana yake ni kwamba hata ukilazimisha simu itoe 108 kamili, sehemu kubwa ya rangi unazoziona ni makadirio ya programu.

Hiyo ni simu ya ukweli. Zipo pia simu za bei ya chini sana ambazo kihisi chake ni kidogo kabisa, na programu huiongeza picha ukubwa baada ya kupigwa ili faili lisomeke lina megapikseli nyingi. Hapo hakuna kilichoongezeka isipokuwa uzito wa faili.

Mwalimu wa Fizikia, Lindi

Ndugu mpigapicha amesema vizuri, ila nina wasiwasi kwamba baadhi ya wasomaji wataondoka hapa na kosa jipya, yaani kwamba pikseli zikiwa nyingi na ndogo basi lazima picha iwe na chenga. Nitalipinga kosa hilo kwa mfano wa Newala hukohuko. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida, na kaya nyingi hukinga mvua kutoka kwenye bati. Maji utakayopata hutegemea ukubwa wa paa na muda ambao mvua imenyesha. Chini ya mfereji ukipanga ndoo 12 au makopo 108, jumla ya maji haibadiliki. Kihisi ndicho paa, mwanga ndio mvua, na pikseli ni vyombo vya kukingia. Simu ya yule kijana haikushindwa usiku kwa sababu makopo yake yalikuwa mengi, bali kwa sababu paa lake lilikuwa dogo.

Tulipime paa lenyewe. Kihisi cha D700 kina milimita 36 kwa 24, ukiondoa vijidesimali, yaani takriban milimita za mraba 860. Kihisi cha 108 ambacho kila pikseli yake ina upana wa mikroni 0.8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kina pikseli 12,000 kwa 9,000, kwa hiyo ni milimita 9.6 kwa 7.2, sawa na milimita za mraba 69. Paa moja ni kubwa zaidi ya mara kumi na mbili ya jingine. Ni kweli kwamba lenzi za simu huwa na tundu pana, kwa mfano f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), wakati mpigapicha wetu huenda alikuwa na lenzi ya f/2.8, na hilo hurudisha sehemu ya pengo: mwanga unaofika kwa kila milimita ya mraba ya kihisi cha simu huwa karibu mara mbili na nusu. Hata hivyo bado kamera hubaki na mwanga wa jumla mara tano hivi zaidi.

Chenga hutoka wapi? Mwanga huja kwa chembe, na chembe hizo hazianguki kwa usawa, kama vile matone ya kwanza ya mvua yanavyolowanisha vumbi hapa na kuliacha pale. Pikseli inayotarajiwa kupokea chembe 100 hutofautiana na jirani yake kwa takriban 10, yaani asilimia 10, na macho huliona hilo waziwazi katika suti nyeusi. Pikseli inayopokea chembe 10,000 hutofautiana kwa takriban 100, yaani asilimia moja tu. Kipeuo cha pili ndicho kinachotawala hapa. Simu hujitetea kwa kupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, na kwa kitu kilichotulia, kama keki, matokeo huwa mazuri mno. Lakini watu wanaocheza sindimba hawasubiri, kwa hiyo programu hubaki na picha ambazo hazifanani, huanza kulainisha chenga, na maandishi ya kanga hulainishwa pamoja nazo. Ile michirizi mliyoiona kwa bibi ni kazi ya programu iliyodhani herufi ni uchafu.

Nimalizie na mpaka mwingine ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuuruka. Mwanga ukipita katika tundu hutawanyika, hivyo nukta moja ya mwanga haifiki kwenye kihisi ikiwa nukta bali kiduara. Kwa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa mikroni 0.55 na lenzi ya f/1.8, kipenyo cha kiduara hicho ni takriban mikroni 2.4, yaani upana wa pikseli tatu za mikroni 0.8 zilizopangwa mstari mmoja. Kuzitumia pikseli zote 108 huongeza maelezo kiasi wakati wa jua kali, lakini tusitegemee mara tisa. Na hata lenzi ingekuwa kamilifu, mara tisa ya pikseli ni mara tatu tu ya urefu, kwa sababu picha ina upana na kimo, na vyote viwili vinagawana.

Mama Mabango, Nachingwea

Mwalimu, ningekuwa nimesoma kwako nisingeikimbia fizikia. Ninachapisha mabango, na kwangu tatizo la megapikseli chache haliji kutoka kwenye kamera.

Jicho la mtu mzima lenye afya hutenganisha nukta mbili zikiwa mbali kwa pembe ya takriban dakika moja, yaani sehemu ya sitini ya digrii. Mtu akisimama mita mbili kutoka kwenye bango, hiyo ni kama milimita 0.58. Bango la mahafali lenye mita mbili kwa moja likigawanywa kwa kipimo hicho halihitaji zaidi ya pikseli 3450 kwa 1725, ambazo hazifiki hata megapikseli sita. Bango kubwa la barabarani lenye mita sita kwa tatu, linalotazamwa kutoka mita 20, ukilipigia hesabu hiyohiyo, halifiki megapikseli moja. Watu hudhani kinyume, kwamba bango likiwa kubwa ndipo zinapohitajika milioni nyingi, wakasahau kwamba hakuna anayeegemeza pua kwenye bango.

Sasa niwaambie kinachoua picha. Mteja hupiga kwa simu nzuri, humtumia dada yake kwa WhatsApp, dada huiweka kwenye hali (status) yake, binamu huipiga picha ya skrini, na binamu ndiye anayekuja kwangu. WhatsApp katika mpangilio wake wa kawaida hupunguza picha hadi upande mrefu wa takriban pikseli 1600 na kuibana sana. Tangu mwaka 2023 kuna chaguo la HD, lakini wengi hawaligusi. Mwaka jana nililetewa picha ya marehemu kwa ajili ya bango la arobaini. Juu kabisa ya picha kulikuwa na alama ya betri, asilimia 14, na saa. Niliomba faili la asili, familia ikasema simu iliyopiga imeshauzwa. Nilikata juu, nikachapisha kilichobaki, na uso wa yule mzee ulikuwa na vijimraba kwenye mashavu. Simu hiyo iliyouzwa ingekuwa na megapikseli 8 tu, na tungekuwa na faili lake, ningelitoa bango ambalo watoto wake wangelitunza.

Tumeni picha kama hati, siyo kama picha. Faili halitaguswa.

Mtembeza Wageni, Kilwa Masoko

Nimesoma yote kwa heshima, lakini ninaona uzi umeegemea upande mmoja. Ninaomba niwe mpinzani.

Hesabu zenu zote zinachukulia kwamba picha itatumika nzima kama ilivyopigwa. Kazi yangu haiko hivyo. Ninawavusha wageni kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ambayo pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, na mara nyingi nikiwa ndani ya mashua ninaona tai amebeba samaki au mvuvi anatupa wavu mbali. Lenzi ndefu ya kumfikia sina, na bei yake ni ya mashua yenyewe. Kinachoniokoa ni kukata. Lakini ukikata nusu ya upana na nusu ya kimo, unabaki na robo ya pikseli: 24 za kamera yangu zinakuwa sita, ambazo bado zinakaribia kutosha A4, na 12 zako, ndugu wa Chikongola, zinakuwa tatu. Ukikata tena kwa nusu, mimi nina moja na nusu, wewe hata moja huna. Mtu mwenye Nikon D850 ya megapikseli 45 ataendelea kukata wakati sisi tumeshafunga mkoba.

Pili, kuna picha ambazo kazi yake ni kumbukumbu, wala si mapambo. Nikiwa ndani ya Msikiti Mkuu ninapiga ukuta wa mawe ya matumbawe ili mwaka ujao niweze kulinganisha ufa ule ule. Hapo ninataka ukuta wote na ufa wote katika picha moja, na kila pikseli niliyokosa ni chembe ya ukuta ambayo sitaiona tena. Kukuza picha baadaye kwa programu hakurudishi kile ambacho hakikupigwa.

Kwa hiyo ninakubali kwamba namba peke yake haitoshi. Sikubali kwamba haina kazi.

Mzee wa Filamu, Lindi

Nimecheka peke yangu barazani. Miaka ile tulipokuwa na mikanda ya picha 36 ambayo tuliituma Dar es Salaam na kusubiri wiki mbili, hakuna aliyeuliza mkanda una nukta ngapi. Tuliulizana mkanda ni ASA ngapi, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga, lenzi ni ipi, na jua liko upande gani. Mkanda wa ASA 100 ulitoa picha laini, wa 400 ukatoa punje, nasi tulijua kwamba punje ndiyo kodi ya kupiga gizani.

Vijana wasidhani mambo haya yalianza na mamilioni. Kamera ya kwanza ya kidijitali iliyojengwa na Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975 ilikuwa na pikseli 100 kwa 100, yaani elfu kumi tu, ikawa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa kwenye kaseti. Nikon D1 ya mwaka 1999, ambayo wapigapicha wa magazeti waliipokea kwa mikono miwili, ilikuwa na megapikseli 2.7. Katika hizo ndogo, kila nyongeza ilionekana kwa macho: kutoka moja hadi tatu ni safari kutoka picha ya kuombea radhi hadi picha ya kadi. Tabia ya kuuliza namba ilizaliwa wakati ule, na wakati ule ilikuwa swali la haki. Wauzaji wameendelea kulijibu hata baada ya swali kwisha.

Mpigapicha wa Chikongola

Shikamoo mzee. Na wewe ndugu wa Kilwa, nimekukubalia bila kinyongo. Sikuwa nimefikiria kukata kwa sababu harusini ninaweza kusogea, na tai hasogelewi.

Niongeze jambo moja la sisi wa pwani. Mwaka juzi picha zangu zilianza kuwa na ukungu mweupe kila taa ilipokuwa mbele yangu, na nyeusi ikawa kijivu. Nilidhani kihisi kimechoka. Niliitoa lenzi, nikaipitisha mbele ya tochi ya simu nikitazama kutoka nyuma, nikaona nyuzi nyembamba kama za buibui zimetambaa kwenye kioo cha ndani: kuvu. Unyevu wa bahari na mkoba wa ngozi uliofungwa miezi mitatu ndivyo vilivyoilea. Fundi aliifungua na kuisafisha, na tangu siku hiyo lenzi zangu hulala ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Nikiona vimechoka ninavibadilisha. Kamera ilikuwa na megapikseli zile zile kabla na baada.

Wenye simu nao wana kuvu yao, ni alama ya kidole. Kabla ya kulaumu kihisi, futeni kioo cha nyuma kwa kitambaa laini cha pamba. Mtu aliyetoka kula samaki wa kukaanga akapiga taa za ukumbi atapata taa zenye mabawa.

Kijana wa Stendi

Nina fedha ya simu moja. Dukani zipo mbili za bei sawa, moja ya 50 na moja ya 108. Nichukue ipi?

Fundi Simu, Masasi

Ya 50, kama kihisi chake ni kikubwa zaidi na ina kizuia mtikisiko ndani ya lenzi, maana kifaa hicho huruhusu simu kukusanya mwanga kwa muda mrefu bila picha kutikisika. Usinunue kwa kusoma boksi. Omba uwashe zote mbili, nenda kona yenye giza ya duka, piga kitu chenye maandishi madogo, kisha kikuze uone. Piga pia mtu anayetembea. Muuzaji akikataa, hamia duka la pili.

Na uangalie nafasi ya kuhifadhi. Faili moja la 108 kamili mara nyingi huzidi megabaiti 20, wakati la 12 huwa kama nne au tano. Harusi ya picha 400 kwa hesabu hiyo ni zaidi ya gigabaiti 8, na bando la kuzituma sitaki hata kulihesabu.

Mpwa

Shikamooni wakubwa wote. Mimi ndiye mpwa mwenyewe. Nimeletewa uzi huu na rafiki, nikausoma mara mbili kabla ya kuamua kuandika. Sijachukia, kaka, ulichosema kuhusu picha za usiku ni kweli, na mama ameshasema hadharani kwamba picha ya bibi ya kuwekwa kwenye fremu ni yako.

Lakini kuna picha moja hukuiona, kwa sababu sikuiweka kwenye ile memori kadi. Saa kumi jioni, kabla hatujaingia ukumbini, ukoo wote ulisimama chini ya mwembe kwa mjomba, watu 72, mistari minne. Wewe ulikuwa umekwenda na maharusi. Jua lilikuwa bado kali, nikaingia kwenye mpangilio wa kamera, nikachagua 108, nikaegemeza simu juu ya ukuta na kuweka saa ya sekunde kumi. Faili lina pikseli 12,000 kwa 9,000. Nikikuza ninaona sura ya kila mtu, hata mtoto wa shangazi aliyefumba macho mstari wa nyuma.

Mjomba anaitaka kwa ukubwa wa mita moja, iwekwe sebuleni. Je, unaweza kunisafishia?

Mpigapicha wa Chikongola

Marahaba mdogo wangu, na ahsante kwa adabu yako. Nimepiga hesabu kwa kamera yangu. Watu 18 katika mstari mmoja wangegawana pikseli 4256, yaani kila mtu apate kama 236 kwa upana wake wote wa mabega, na uso wake usizidi 80 hivi. Kwako kila mmoja amepata zaidi ya 660. Hata tukikata yale aliyosema mwalimu kuhusu viduara vya mwanga na makadirio ya rangi, bado sura zako zitasimama vizuri kuliko zangu, na watu hawatazami picha ya ukoo kutoka mita mbili. Huisogelea, wakanyoosha kidole, wakatafuta nani ni nani. Kazi hiyo ni ya 108.

Nitaisafisha kwa bei ya nusu, ili mjomba ajue kwamba hesabu ya nusu tunaiweza wote wawili. Nitumie faili.

Mpwa

Nimekutumia sasa hivi, kaka, kwa namba ile ya studio.

Mpigapicha wa Chikongola

Nimeipokea. Imekuja kwa WhatsApp, 1600 kwa 1200. Itume tena kama hati, au Ijumaa nikutane na wewe stendi uniletee memori kadi.